Kifusi Kisicho na Sukari

Jumatatu, 5 Mei

Uji umeungua tena. Nimechota wa juu nikampa Poni, wa chini nimeuloweka pamoja na sufuria. Amekunywa bila kusema neno, kwa hiyo najua ulikuwa mbaya.

Nimechelewa kufungua kibanda. Soko la Jebel, hapa Juba, lilikuwa tope tupu. Nimeuza koki na viungo vya bomba. Mvua kubwa mchana. Lile dimbwi mbele ya geti letu limejaa. Mke wangu Keji aliliita Bahari. Alikuwa akinipigia kelele kutoka jikoni, "Baba Poni, vaa gambuti, Bahari imefurika!" Leo nimezivaa bila kuambiwa.

Jioni mama mkwe amepiga simu kutoka kwao Kajo Keji. Ameongea na Poni, si na mimi. Ndivyo ilivyo kwetu. Amemwuliza mtoto anakula nini. Poni akajibu: asubuhi uji wa kuungua, mchana chapati ya Mama Nakato, usiku chapati ya Mama Nakato, Jumapili soda. Ana miaka tisa na hajui kudanganya. Amerithi kwa mama yake.

Mama mkwe anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. "Kuona tu," amesema. Mtu hasafiri barabara ile wakati wa mvua ili aone tu. Anakuja kumchukua mtoto. Tangu tulipomzika Keji amekuwa akisema mwanamume peke yake hawezi kulisha msichana.

Sitaki Poni aende. Nimeandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.

Jumanne, 6 Mei

Nimewaza kibandani kutwa. Nimpikie nini mama mkwe, aone kwamba hapa watu wanakula? Kuku hapana. Kuku kila mtu anaweza, hata mimi nikisimamiwa.

Nimeamua kifusi.

Keji alikuwa msaidizi jikoni kwenye hoteli moja kule Amarat. Walikuwa wakipanga matunda kwenye bakuli, juu wanatandaza unga uliochanganywa na siagi na sukari, wanaoka mpaka unakuwa chengachenga. Jina lake la Kizungu, "crumble", lilimpiga chenga. Akamwuliza mhudumu mmoja Mkenya maana yake. Yule akamwambia ni kitu ambacho ukuta mbovu hufanya mvua ikinyesha. Keji akarudi nyumbani akatangaza: "Leo tunakula kifusi." Tangu siku hiyo hakina jina lingine humu ndani. Poni alijua kifusi cha kula kabla ya kile cha mjengo. Akiwa mdogo tulipita penye nyumba iliyobomolewa, akalia njia nzima kwa sababu tulikataa kumwonjesha.

Tatizo la kwanza: mama mkwe ana sukari. Amekatazwa sukari, unga mweupe na mafuta mengi. Kifusi cha Keji kilikuwa hivyo vitatu na embe la kusindikiza. Itabidi nitengeneze cha afya. Unga wa mtama badala ya ngano. Karanga na simsim badala ya siagi. Embe lijitegemee kwa utamu, na asile sana.

Tatizo la pili: sijawahi kupika kifusi. Nilikuwa mlaji.

Tatizo la tatu: mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala yeye hali mbele ya mkwe. Hata nikipika vizuri, sitamwona akila. Nitakuwa nyuma ya pazia kama mwizi.

Alhamisi, 8 Mei

Kifusi cha kwanza.

Nimetengeneza oveni kama ya Keji. Sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, mchanga chini, bakuli ndani, mfuniko, makaa mengine juu ya mfuniko. Nimekata maembe, nikakamulia ndimu. Unga wa mtama nimeukanda na karanga za kusaga kwa nguvu zangu zote, kama ugali wa harusi.

Kimetoka kipande kimoja. Poni amekigonga kwa kijiko.

"Hodi," akasema.

Mama Nakato amekuja kufuata harufu. Ni Mganda, amepanga chumba chetu cha mbele, chapati zake anakaangia barazani. Ameinama, amesikiliza.

"Baba Poni, huyu mtu ya ndani mbona hafungui?"

Jioni tumekula chapati.

Ijumaa, 9 Mei

Kifusi cha pili. Nimefunua mfuniko kwa haraka, majivu yakamwagika ndani. Majivu na mtama rangi ni moja. Nikadhani ni simsim imeiva. Nikaonja. Poni akaonja. Mama Nakato akaonja, akatafuna muda mrefu, akameza kwa heshima.

"Mimi nilijenga nyumba huko Masaka," akasema. "Simenti yangu haikukuwa tamu namna hii."

Nimerudi kibandani nimenuna. Sokiri akaja kutafuta bomba. Ni fundi mwashi, jirani, tulisoma wote Kitale miaka ya ukimbizi. Mtu mwema, hana maswali mengi. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia mama mkwe anakuja Jumamosi ijayo na kifusi kimenishinda. Nataka kizuri. Kiwe cha kutosha. Kisiwe na sukari.

"Kisiwe na sukari?"

"Hata chembe. Ni kwa ajili ya afya yake."

Akafikiri. Akanishika bega. "Niachie mimi, ndugu yangu."

Nimeguswa sana. Sikujua Sokiri anaoka.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani. Bado naacha nafasi kwenye benchi upande wa kushoto. Leo kuna mama mnene kaikalia. Nimemchukia ibada nzima, na alikuwa hajafanya kosa.

Kifusi cha tatu nimejaribu nanasi. Maji matupu. Mtama umezama wote. Tumekunywa.

Jumanne, 13 Mei

Cha nne kimeungua. Sina la kuongeza.

Poni ameniuliza kama kwa Haboba kuna shule. Haboba ndilo jina watoto wa Juba wanalowaitia bibi zao. Nikasema ipo. Akauliza kama kuna Bahari getini. Nikasema hapana, ni mlimani, maji yanateremka. Akasema, "Malesh." Yaani pole. Sijui alikuwa akimpa pole Haboba au mimi.

Nina hofu. Sufuria sasa ni nyeusi ndani na nje.

Jumatano, 14 Mei

Mama Nakato amenipigia simu kibandani, anapiga mayowe.

"Baba Poni, kuja mbio! Ukuta ya mtu imekuja kwa geti yako!"

Nimekimbia. Nimekuta lori limeinua mgongo, limeshamwaga. Matofali yaliyovunjika, mawe, plasta, vigae vya choo vya rangi ya waridi. Rundo limenizidi urefu. Geti halionekani. Sokiri kasimama pembeni, jasho linamtiririka, furaha tupu.

"Hicho hapo, Baba Poni! Cha kutosha. Nimekichagua kwa mkono wangu."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Nikakaa juu ya tofali.

Nikamwuliza, "Na sukari?"

"Haimo. Nilimwambia dereva, sukari hata chembe. Nilidhani unasema ule mchanga mweupe wa punjepunje. Kumbe na dereva hajui maana yake. Tukaona tusiulize, haya ni mambo ya wakwe."

Nimecheka. Nilianza kidogo, halafu ikanishinda. Mama Nakato akaniletea maji, akanipiga mgongo. Sijacheka hivyo tangu Keji. Nilipomweleza Sokiri kwamba kifusi ni chakula, hakucheka. Alinitazama kwa huruma. Akauliza, kwa upole sana, kama siku hizi napata usingizi.

Nilitaka kuingia ndani nikamsimulie Keji. Nilishafika mlangoni mwa chumba kabla ya kukumbuka.

Ndani tumeingilia chumbani kwa Mama Nakato, ambako kuna mlango wa mbele na wa nyuma. Anasema njia ni bure lakini anayepita bila kununua chapati ana roho mbaya. Kwa hiyo chapati.

Alhamisi, 15 Mei

Lori halirudi. Barabara mbovu, dereva kazima simu. Mama mkwe anafika keshokutwa na mlango wa nyumba ya mwanawe uko nyuma ya choo cha mtu.

Sokiri amekuja na sepetu na toroli. Anajiona mwenye hatia, ingawa mimi ndiye niliyesema kifusi mbele ya mwashi. Tumekisukuma chote kwenye dimbwi. Tumejaza, tumeshindilia, tumejaza tena. Jioni geti likafunguka. Bahari haipo. Miaka yote ile Keji aliruka tofali kwa tofali na beseni kichwani, na sasa ni uwanja.

Nimehuzunikia dimbwi. Ni upuuzi, najua. Kigae kimoja cha waridi nimekiacha kinatazama juu.

Mikono inauma. Sikuoka.

Ijumaa, 16 Mei

Sikukuu, shule imefungwa. Poni amekaa kibarazani anamenya karanga nilizokaanga. Anazisugua kwa ncha za vidole, anapuliza maganda, anaangalia mbuzi wa jirani huku vidole vinaendelea vyenyewe.

Nimesimama pale na sufuria mkononi.

Keji alifanya vile. Si kwa karanga, kwa unga. Vidole ndani ya beseni, macho nje, mdomo unaniambia habari za watu wa hotelini. Na alikuwa na neno lake. Nikimwita alikuwa akijibu, "Ngoja, nafikicha." Hakuwahi kusema nakanda. Hata siku moja. Mimi wiki nzima nimekuwa nikikanda.

Nimefikicha.

Unga wa mtama nimeukaanga kwanza ukanukia, kisha simsim, karanga za kutwanga, mafuta ya simsim kijiko, mdalasini. Nimefikicha kwa ncha za vidole, natazama mbuzi. Umekuwa chengachenga. Maembe yaliyoiva, papai kidogo, ndimu. Makaa machache chini, mengi juu. Sikufunua mpaka harufu ilipofika barazani.

Mama Nakato ameacha chapati ikiungua. Amekula. Hakusema mzaha wowote. Akaniuliza, "Iko ingine?"

Poni ameonja akiwa amesimama. Akakaa. "Baba," akasema, "hiki si cha mlango."

Naogopa zaidi kuliko jana. Jana sikuwa na cha kupoteza ila aibu.

Jumamosi, 17 Mei

Amefika.

Ameshuka barabarani na mifuko miwili. Mmoja umejaa. Mwingine ni begi jekundu, tupu, limekunjwa kwapani. Mtu hahitaji kuelezwa begi tupu ni la nini. Poni ameliona. Hakuuliza.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango kama inavyotakiwa. Nimesikia zaidi ya nilivyoona. Mama mkwe alifika mbele ya geti akasimama, akapandisha kitenge magotini tayari kuvuka maji. Hakukuwa na maji. Akabaki hivyo, kitenge juu.

"Shunu de?" akauliza. Nini hiki?

"Ni kifusi, Haboba."

"Kifusi si cha kula?"

Nimeegemea mlango. Nilidhani neno lile limebaki kwangu na kwa Poni tu. Kumbe Keji alimwambia mama yake. Bila shaka alimwambia. Alikuwa akimwambia kila kitu.

Poni akamweleza habari ya lori yote, na vigae, na ukuta wa mtu. Haboba hakucheka. Alisema "Hm." Akaingia. Begi jekundu akaliweka juu ya kiti, si chini.

Tumesalimiana kwa desturi, mimi nimeinama natazama ndala zangu, yeye anatazama dari. Akaiuliza dari habari za hapa, nikasema nzuri, Mama.

Chakula. Yeye sebuleni na Poni. Mimi nyuma ya pazia, juu ya ndoo. Maharage yalikuwa sawa. Ugali ulikuwa na mabonge lakini hakuna aliyekufa. Halafu Poni akapeleka bakuli.

Kijiko kikagusa bakuli. Kijiko tena. Mkono wangu ulikuwa umeshika pazia na sikujua.

Poni akaja akanong'ona kwa sauti ambayo Jebel nzima imeisikia: "Baba! Anakula juu kwanza!"

Keji alikuwa akila juu kwanza. Akimaliza chengachenga zote, ananisukumia maembe. Ndoa nzima nimekula yale maembe nikiamini ni mapenzi. Kumbe ni ukoo.

Sauti ya Haboba: "Mwambie baba yako hakina sukari."

"Baba, hakina sukari."

"Mwambie najua," nikasema.

"Haboba, anajua."

"Mwambie ndimu imezidi."

"Baba, ndimu imezidi."

"Mwambie nimesikia, Mama."

"Mwulize nani kamfundisha."

Nikasema, "Mama yako." Poni hakupeleka jibu. Pazia ni jepesi, halikuhitaji kupelekwa.

Baadaye, bila kuulizwa na mtu, binti yangu akaanza kusema ukweli. Akasema hiki ni kizuri lakini vya kwanza vilikuwa vibaya sana, Haboba. Kimoja kilikuwa jiwe. Kimoja kilikuwa na majivu. Kimoja tulikinywa. Kimoja kiliungua mpaka Mama Nakato akafunga mlango. Nikafumba macho. Nikajua basi, khalas, kesho begi litajaa nguo.

"Na mlivila?" Haboba akauliza.

"Tulivila kidogo kidogo. Cha jiwe tulishindwa."

"Na baba yako akafanya nini?"

"Alipika tena."

Kijiko kikakwangua bakuli.

"Hm," akasema Haboba. Na mimi sikujua hiyo ni hm ya namna gani. Nimeoa katika nyumba ile na bado sijui.

Jumatatu, 19 Mei

Ameondoka asubuhi, gari la kwanza, kabla mvua haijaanza.

Jana kutwa begi jekundu lilikaa juu ya kiti na watu wote watatu tulilizunguka. Poni alikunja nguo zake akaziweka kando ya begi, hakuambiwa. Jioni Haboba alizitazama. Akazirudisha sandukuni. Akamwambia Poni alijaze begi maembe, akachague yaliyoiva.

Kajo Keji ina maembe kuliko Juba yote. Yanaoza chini ya miti. Kila mtu analijua hilo. Hakuna aliyelisema, hata Poni.

Tulilibeba wote mpaka kwenye gari, mimi nikiwa hatua kadhaa nyuma. Alipita juu ya kifusi bila kupandisha kitenge. Karibu na kile kigae cha waridi alisimama, akakigusa kwa ncha ya ndala. Akamwambia Poni aniambie kwamba atakuja Krismasi. Kuona tu. Na nipunguze ndimu.

Uji wa leo umeungua upande mmoja. Poni amesema hivyo, "Upande mmoja tu," akanywa wote, akaenda shule.

Kwenye bakuli kimebaki kile cha Jumamosi, au nusu yake. Juu pote pamekwisha. Kati yao wawili hawakuacha chenga hata moja. Maembe tupu. Nimechukua kijiko, nimetoka nje, nimesimama getini palipokuwa na Bahari, nimeyala.